Nailoni zimejaa stoo na hakuna anayezitaka: tukope tununue mashine?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wazoa taka huku Mbagala. Tuko 14, wengi akina mama. Chupa za maji na ndoo mbovu tunauza vizuri. Tangu mwaka jana tumekuwa tukikusanya na nailoni: pakiti za maziwa, za mikate, za biskuti, za sabuni ya unga, zile zinazobana katoni za maji, kila kitu. Sasa tuna salfeti zaidi ya 60. Kila mnunuzi akija anazigeuzageuza, anaondoka. Mmoja katuambia tukikopa tukanunua mashine ya kusaga na kuyeyusha, tutauza punje za plastiki kwa bei nzuri. Wenzangu wamekubali, mimi nina wasiwasi. Unatushaurije?

Jibu: Marahaba, katibu. Nimekaa zaidi ya miaka 20 kwenye mitambo ya kupuliza nailoni, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa upande wa mnunuzi. Msikope. Walau msikope mwaka huu. Mashine hiyo itameza kilichomo ndani ya salfeti zenu na kutoa punje ambazo nazo hazitauzika, ila safari hii mtakuwa na deni.

Kilichowakwamisha kimo ndani ya hizo salfeti. Mmechanganya vitu vitano au sita ambavyo vyote tunaviita nailoni, na jina hilo moja limewatia hasara watu wengi. Nailoni yenyewe hasa ni plastiki ya nyavu na kamba. Kwenye vifungashio utaikuta kwa nadra, kama tabaka jembamba katika pakiti za soseji na nyama zilizofyonzwa hewa. Tunachokiita nailoni mitaani kwa kawaida ni polithini, na polithini nayo ina ndugu wawili. Kuna laini, ambayo ikiwekewa alama ya pembetatu huwa na namba 4: ndiyo inayobana katoni za maji, inayovalishwa magodoro mapya, na ndiyo pakiti nyingi za maziwa. Kuna ngumu, namba 2, nyembamba, ukiifinya inalia kama majani makavu. Mifuko mingi ya rambo ilikuwa ya aina hii kabla haijapigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kisha kuna polipropilini, namba 5, ile angavu inayong'aa na kupiga kelele, inayofungia shati jipya, biskuti na baadhi ya mikate. Hata salfeti mnazohifadhia ni polipropilini iliyofumwa. Zilizo nzima zitunzeni kwa kazi. Msizitupie humo humo na mzigo.

Halafu kuna kundi linaloharibu kila kitu: pakiti za tabaka. Sabuni ya unga, kahawa, maziwa ya unga, krispi, sosi ya nyanya. Chana pakiti ya sabuni polepole kwenye pembe, mara nyingi utaona ngozi mbili zikiachana. Ya nje ni poliesta, ambayo ni ngumu na inapokea wino vizuri. Ya ndani ni polithini, inayoyeyuka upesi ili mdomo wa pakiti uzibike. Katikati mara nyingine kuna alumini ya kuzuia mwanga na hewa. Kifungashio hicho kimetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Ndicho kinachofanya kahawa ikae miezi kwenye duka la bati lenye joto na isipoteze harufu. Lakini tabaka hizo zimegandishwa kwa gundi, na hakuna maji wala mashine ya kusaga itakayoziachanisha.

Sasa fikiria kinachotokea mtamboni. Polithini laini huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 110 za Selsiasi, ile ngumu 130, polipropilini 160 na kitu. Poliesta inataka zaidi ya 250. Fundi anayeyeyusha polithini hukaa nyuzi 180 hadi 200. Kwa joto hilo poliesta inabaki vipande vikavu vinavyoelea ndani ya uji wa plastiki kama makapi ya muwa kwenye juisi. Vinaziba chujio, mtambo unalazimika kusimama. Ukiongeza joto ili poliesta nayo iyeyuke, polithini inaungua. Na kama kiwanda kinapuliza nailoni mpya, uji ule hupulizwa kama puto refu linalopanda juu; kipande kimoja kikavu kikipita, panatoboka tundu, puto linapasuka, zamu nzima inaanza upya. Ndiyo maana mnunuzi akiona pakiti tatu za fedha zinang'aa ndani ya salfeti anafunga mdomo na kuondoka. Anaogopa hasara ya mtambo ambao ukisimama saa moja unakula faida ya mzigo wenu wote.

Jambo la pili ni uchafu na maji, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo vikundi vingi vinapokufa.

Kilo moja ya nailoni yenye unene wa mikroni 30, yaani milimita 0.03, ukiitandaza inafunika mita za mraba 36 hivi. Hesabu pande zote mbili, ni 72. Kilo moja ya chupa za maji ukizipasua na kuzikunjua hupati zaidi ya mita 3 au 4 za mraba. Maana yake ni kwamba kwa kila kilo, nailoni ina nafasi mara kumi na zaidi ya kushika mchanga, mafuta, masalia ya maziwa na maji. Chupa ukiitikisa inakauka. Nailoni mbili zikigusana zikiwa zimelowa zinashikana kama kurasa za daftari lililoloweshwa na mvua, na maji yanabaki katikati siku nzima. Yakiingia mtamboni yanageuka mvuke, punje zinatoka na vinyweleo, na kitakachotengenezwa kitakuwa dhaifu.

Kiwanda kimoja nilichokuwa msimamizi wa zamu kiliwahi kununua mzigo mkubwa wa pakiti za maziwa uliopimwa ukiwa umelowa. Uzito tuliolipia na uzito ulioingia mtamboni havikukaribiana hata kidogo. Tangu siku hiyo mnunuzi wetu alikuwa akiingiza mkono hadi kiwiko katikati ya kila robota kabla hajatoa bei. Hao wanaowageuzia mizigo nao wameumwa na nyoka huyohuyo.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kuchambua hizo salfeti 60, na kazi hiyo hufanywa kwa mikono. Fundisheni vidole. Shika kipande, kivute kwa vidole gumba viwili. Polithini laini inanyooka taratibu na kubadilika weupe pale inapovutika. Polipropilini ya biskuti haivutiki. Lakini ukiikata kidogo pembeni kwa kucha inachanika moja kwa moja kwa mlio mkali. Kinachong'aa fedha kwa ndani, weka kando bila mjadala. Kinachoachana ngozi mbili, kando pia. Pakiti ya maziwa yenye weusi ndani isikutishe: weusi ule ni rangi ya kaboni ya kuzuia mwanga, na pakiti yote kwa kawaida ni polithini. Itoe kwenye fungu la angavu, iweke na za rangi. Mama mwenye uzoefu wa wiki mbili ataacha hata kutazama. Sauti pekee itamwambia.

Wapo watakaowaambia mtumie maji: kinachoelea ni polithini, kinachozama ni taka. Ni nusu ya ukweli. Polithini na polipropilini zote ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hayawezi kuzitenganisha. Pakiti ya biskuti iliyopakwa fedha nayo inaelea, kwa sababu fedha ile ni mvuke wa alumini mwembamba mno. Hata pakiti ya sabuni ya unga inaweza kuelea kama polithini yake ni nene mara kadhaa kuliko poliesta. Na kitu kizito kilichoshika mapovu ya hewa kitaelea vilevile. Maji yatumieni kuondoa mchanga na plastiki ngumu za PVC (ile ya mabomba ya maji), mkitia sabuni kidogo na kuzamisha vipande kwa mkono kabla ya kuviachia. Mengine waachieni vidole.

Na ile tabia ya kuchoma kipande na kunusa moshi, iacheni kabisa. PVC ikiungua inatoa hewa yenye tindikali inayochoma koo na mapafu, na anayechambua hunusa mara mia kwa siku.

Mkimaliza mtakuwa na mafungu manne: polithini angavu, polithini ya rangi, polipropilini, na pakiti za tabaka. La kwanza ndilo lenye fedha. Punje angavu inaweza kupakwa rangi yoyote. Punje ya rangi mchanganyiko inaishia kijivu au nyeusi. Hata stika ya karatasi na selotepu zikateni kwa mkasi, kwa sababu karatasi hugeuka uji kwenye maji na kuungua mtamboni.

Baada ya hapo badilisheni mnakookota, na hili ndilo shauri langu kubwa kwenu. Pakiti moja ya biskuti ina uzito wa gramu 2 au 3. Ili mpate kilo, mtu ainame mara 400, kisha aoshe pakiti 400. Hakuna bei ya kilo itakayolipa mgongo huo. Sasa nenda nyuma ya ghala lolote pembeni mwa Barabara ya Nyerere asubuhi wanaposhusha mizigo. Kila paleti, yaani jukwaa la mbao linalobeba bidhaa, imezungushiwa nailoni angavu, safi, kavu, ya gramu mia kadhaa, na inakatwa na kutupwa chini. Maduka ya jumla Kariakoo yanafungua katoni za maji na soda tangu alfajiri. Wauza magodoro na makochi wana nailoni nene kabisa. Hiyo yote ni polithini laini, karibu aina moja, haijagusa chakula wala tope. Wawili wenu wakiwa na mkokoteni na makubaliano na maghala sita watashinda wenzao kumi waliopo dampo la Pugu Kinyamwezi. Mwenye ghala hamhitaji kumlipa mwanzoni: anachotaka ni mtu atakayekuja siku aliyosema, na aache sakafu imefagiliwa. Mpeni mfuko mkubwa wa kutundika ukutani, kijana wa ghala atie nailoni humo, isianguke sakafuni. Nailoni ikishakanyagwa na buti lenye grisi, thamani yake imekwenda.

Kwa majumbani, ombeni kitu kimoja tu: pakiti ya maziwa ikatwe upande mmoja wote, isuuzwe na maji ya kuoshea vyombo, ianikwe kwenye kamba pamoja na nguo. Hiyo itoshe. Mkiomba zaidi watu watachoka ndani ya mwezi.

Za kwenu zinazohitaji kuoshwa, osheni zikiwa nzima, kabla ya kusagwa. Kipande kizima kinaning'inia kwenye kamba, makapi hayaning'inii. Kama kamba hazitoshi, tengenezeni chanja za waya kama zile za kuanikia dagaa, zinyanyuke kutoka ardhini ili upepo upite chini. Geuzeni mara mbili. Na maji ya kuoshea yasiende mtaroni. Yapite kwenye pipa la kutulia, kisha kwenye wavu mwembamba, maana vipande vinavyoponyoka vinakwenda Mto Kizinga na kisha baharini, na sisi wa mwambao tumeshavua vya kutosha.

Kuhusu mashine: kama kuna fedha kidogo, kitu cha kwanza ni kikandamizio cha marobota. Mfua vyuma yeyote mzuri anaweza kuunda fremu ya chuma yenye jeki ya lori. Nailoni ikiwa huru, gari lenu linabeba hewa. Ikikandamizwa, safari nne zinakuwa moja, na kiwanda kinaanza kuzungumza nanyi moja kwa moja bila dalali. Robota moja, aina moja, na karatasi yenye tarehe na uzito mkavu. Mkishauza marobota ya aina hiyo miezi 6 mfululizo kwa mnunuzi yuleyule, ndipo mfikirie kusaga na kuosha kwa mashine. Kuyeyusha kuje mwisho, kama kutakuja. Mtambo wa kuyeyusha unahitaji umeme usiokatika ovyo, fundi wa kudumu, vyujio vya akiba, na malighafi ya kuulisha kila siku. Nyie nguvu yenu iko kwenye mikono inayojua kutenganisha, na hicho ndicho viwanda vinakosa.

Mkija kufika huko, jueni bidhaa zinazofaa: viriba vya miche, nailoni ya kutandika chini ya zege wakati wa ujenzi, mabomba ya kupitishia nyaya za umeme, mifuko ya taka. Katazo la 2019 lililenga mifuko ya kubebea na kuacha nje matumizi kama kilimo, ujenzi na udhibiti wa taka, lakini nendeni NEMC (baraza la mazingira) na TBS (shirika la viwango) mkaulize kabla ya kuzalisha hata kipande kimoja. Na msitengeneze chochote cha kugusa chakula kutokana na nailoni ya mtaani.

Nakuja kwenye fungu la nne, lile la pakiti za tabaka, ambalo najua ndilo linalowauma kwa sababu ndilo kubwa. Kataeni kulipokea. Naandika hivi kwa uchungu, kwa kuwa najua zisipookotwa na nyie zitabaki kwenye mitaro ya Mbagala na mvua za masika zitatukumbusha. Lakini mzigo huo uliamuliwa siku mtu wa kiwandani alipochagua poliesta na polithini kwa pakiti moja, na hakuna jasho la mama mmoja Mbagala litakalobadilisha uamuzi ule. Njia ya kuutengua ipo. Filamu ya polithini inaweza kuvutwa kwa urefu ikiwa ingali na joto hadi inakakamaa na kukubali kuchapwa, ikachukua nafasi ya poliesta. Pakiti nzima inabaki polithini juu hadi chini. CEFLEX, muungano wa wadau wa vifungashio laini huko Ulaya, unashauri plastiki ya aina moja ifike zaidi ya asilimia 90 ya uzito. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni namba 2025/40, iliyoanza kuwa na nguvu Februari 2025, inayotaka vifungashio vyote sokoni viweze kurejelezwa ifikapo 2030. Jirani zetu Kenya wana Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni za 2024 zinazomtaka mzalishaji abebe gharama ya kifungashio chake hadi mwisho wa safari yake. Nataka sana nione jambo hilo likishika mizizi kwetu pia, na siku litakaposhika, kikundi chenye daftari kitakuwa mezani. Kwa hiyo pakiti za tabaka mlizonazo tayari zihesabuni kabla ya kuzipeleka kwenye gari la taka la manispaa: bidhaa gani, kilo ngapi, mtaa gani. Mkiwa na orodha ya miezi 12, mnaweza kugonga mlango wa mwenye chapa na kumwambia mnachojua.

Mtasikia pia habari za matofali. Jijini Nairobi kampuni ya Gjenge Makers, iliyoanzishwa na mhandisi Nzambi Matee, huchanganya plastiki na mchanga kwa joto na mgandamizo na kutoa vigae vya kutandika njiani. Ni kazi halali inayofanywa kwa mashine maalumu. Kuyeyusha kwenye pipa juu ya kuni uani ni jambo jingine kabisa. Moshi wake utawaua polepole. Na atakayewauzia mtambo mdogo wa kugeuza nailoni kuwa dizeli, mwombeni awaonyeshe unaofanya kazi mwaka wa pili bila ajali. PVC ikiingia humo inatoa tindikali inayokula chuma, na mvuke wa mafuta ukivuja karibu na moto mnapoteza watu.

Hizo salfeti 60 mziondoe kwanza zilipo kama ziko karibu na jiko. Nimeona stoo ya nailoni ikishika moto. Inadondosha matone yanayowaka, na maji ya ndoo hayafui dafu. Wekeni ndoo za mchanga mlangoni, acheni njia ya kupita mtu katikati ya mafungu, na waambieni akina mama wasichukue hata kipande kimoja cha kuwashia mkaa nyumbani, kwa sababu moshi huo unaingia kwenye ugali na kwenye kifua cha mtoto aliyebebwa mgongoni. Anzeni kuchambua na salfeti za chini, zilizolowa. Za juu zinaweza kusubiri. Mkishapata fungu la kwanza la polithini angavu, kilo 50 tu, kavu, niandikie tena uniambie imechukua watu wangapi na saa ngapi, tupige hesabu ya bei mtakayomtajia mnunuzi.